Msaada: nataka kutengeneza staili zangu za muswada wa riwaya, kila nikirekebisha hapa kule kunaharibika

mtunzi_mpya

Habari zenu wakuu, naombeni msaada maana hii kitu imenitesa wiki mbili sasa. Nina muswada wa riwaya, kurasa kama 280 hivi, nimeuandika kwenye Word kwa miaka mitatu na vipande vingine nilianzia kwenye simu nikaja kuvipesti. Mhariri wa shirika moja la uchapishaji kanijibu kwamba hadithi wameipenda ila muswada haujapangwa, wanataka Times New Roman saizi 12, dabo spesi, pambizo za sentimita 2.54 pande zote, mstari wa kwanza wa kila aya uingie ndani, kusiwe na pengo kati ya aya na aya, na kila sura ianze ukurasa mpya.

Sasa mimi vichwa vya sura nimevikuza kwa mkono kimoja kimoja, aya nimeziingiza ndani kwa spesibaa, na nikitaka sura mpya nilikuwa nabonyeza Enta mpaka ukurasa uishe. Nilipoweka dabo spesi tu kila kitu kikahama, sura ya nne ikaanzia katikati ya ukurasa. Halafu ndani kuna barua na mashairi, yule bibi kwenye hadithi yangu watu wakimuuliza jambo anajibu kwa shairi, na hapo ndipo pamevurugika kuliko pote. Naambiwa mtu anaweza kutengeneza staili zake mwenyewe. Zinatengenezwaje na nianzie wapi, maana kuandika upya siwezi jamani.

kalamu_nyekundu

Pole dada (kama ni kaka unisamehe). Huhitaji kuandika upya hata sentensi moja. Mimi kazi yangu ni kuhariri, na miswada ya namna yako napokea kila mwezi, kwa hiyo tulia.

Kwanza elewa hivi: staili ni jina unalolipa aina ya aya, na maagizo yote ya muonekano wake yanakaa kwenye lile jina, sio kwenye aya yenyewe. Ukibadilisha maagizo ya lile jina, aya 3,000 zinabadilika kwa pamoja. Ulichokuwa unafanya wewe ni kuipa kila aya maagizo yake kwa mkono, ndio maana hazikusikilizi.

Tunza kopi ya faili pembeni kabla ya kugusa chochote. Kisha kwenye Word bonyeza Ctrl+Alt+Shift+S, paneli ya staili itafunguka kulia, chini kabisa kuna vitufe vidogo, cha kwanza kushoto ndicho cha staili mpya. Tengeneza moja uiite Msingi: Times New Roman 12, dabo spesi, nafasi kabla na baada ya aya weka sifuri zote. Kona ya chini kushoto ya hilo dirisha kuna kitufe kinachofungua mambo ya fonti, aya, tabu na lugha, humo kwenye lugha chagua Kiswahili, ile mistari myekundu chini ya kila neno itakuachia na programu itaacha kukusahihishia Kiswahili chako kwa Kiingereza.

Halafu tengeneza Aya, kwenye sehemu ya kuuliza imetokana na staili gani chagua Msingi, ongeza kitu kimoja tu, mstari wa kwanza uingie sentimita 1.27. Nyingine iite Aya ya Kwanza, nayo itokane na Msingi, haina kuingia ndani, hii ni ya kufungulia sura, na sehemu ya staili inayofuata iandikie Aya, yaani ukibonyeza Enta inahama yenyewe. Barua nayo hivyo hivyo, isogeze pambizo kushoto na kulia. Kama barua zako zote ni italiki basi iweke italiki ndani ya staili yenyewe, usilaze kwa mkono. Siku mhariri akisema fonti tubadilishe, unaigusa Msingi peke yake na watoto wote wanafuata.

Vichwa vya sura usivitengenezee staili mpya, narudia usitengeneze, chukua Hedingi 1 inayokuja na programu uirekebishe muonekano, na kwenye mipangilio ya aya uweke tiki ya kuanza ukurasa mpya. Ukitumia hiyo, sura zote zinajipanga kwenye paneli ya kushoto, na yaliyomo inajitengeneza yenyewe. Njia ya mkato ni Ctrl+Alt+1.

Ukimaliza chagua muswada wote kwa Ctrl+A, uupe Aya, halafu Ctrl+Q kufuta maagizo ya mkono ya aya. Kisha fungua tafuta na badilisha, tafuta ^p^w (^p ni alama ya Enta, ^w ni spesi) weka ^p, hiyo inaondoa spesi zote mwanzoni mwa aya, halafu ^p^p weka ^p, rudia mpaka ikuambie sifuri.

mwana_wa_mvumo

Hapo pa mwisho ngoja kwanza dada usiharakishe! Ukifuta Enta mbilimbili kabla ya kushughulikia mashairi, beti zote zitashikana na hutajua ubeti unaishia wapi. Na si mashairi tu, zile sehemu ulizoruka mstari kuonyesha tukio jipya ndani ya sura nazo zitapotea. Yalinikuta kwenye diwani yangu, niliketi siku mbili nikihesabu mishororo minne minne.

Kwa hiyo anza na hayo. Kila ulipobadilisha tukio andika # peke yake kwenye mstari. Wahariri wanaielewa alama hiyo, baadaye utaipa staili ya katikati.

Kisha mashairi. Ubeti ni kitu kimoja, basi hata kwenye kompyuta ufanye uwe aya moja, mwisho wa mshororo iwe Shift+Enta na Enta yenyewe ibonyezwe mwisho wa ubeti tu. Kwa yaliyokwisha andikwa, chagua ubeti mmoja kuanzia mshororo wa kwanza hadi neno la mwisho, ile Enta ya mwisho usiichague, fungua tafuta na badilisha, ^p weka ^l (hiyo ndiyo alama ya Shift+Enta), na ikikuuliza kama iendelee na waraka mzima sema hapana. Ndiyo, ni ubeti mmoja mmoja, lakini bibi yako hata akijibu mara ishirini ni kazi ya jioni moja.

Sasa staili ya Ubeti. Itokane na Msingi, ipangwe kushoto, USIINYOOSHE pande mbili, kwa sababu mstari uliokatwa kwa Shift+Enta ukinyoosha pande mbili maneno yanavutwa mpaka pambizo ya kulia yanaachana mapengo ya ajabu. Weka tiki ya kutokata aya kati ya kurasa mbili, ubeti hautagawanyika tena kibwagizo kikabaki peke yake ukurasa wa pili. Nafasi baada ya aya weka pointi 12, hiyo ndiyo itakayotenga beti badala ya mstari mtupu. Na kama ni shairi la mizani kumi na sita, nane ukwapi (kipande cha kwanza) na nane utao (kipande cha pili), usipange utao kwa spesibaa maana herufi za Times hazina upana sawa, i na m ni mbali kabisa, hazitalingana milele. Weka kituo cha tabu sentimita 8, kati ya vipande viwili bonyeza Tab mara moja, vina vya kati vitasimama upande wake na utao wote utaanzia mstari mmoja wima. Kama ni utenzi hiyo tabu huihitaji.

kalamu_nyekundu

Asante kwa kunisahihisha mkuu, ni kweli kabisa, mashairi kwanza na yale ya ^p^p mwisho. Na ile Ctrl+A nayo ibaki kabla ya kuvipa vichwa Hedingi 1 na mashairi staili ya Ubeti, maana ukiifanya baadaye inavirudisha vyote kuwa Aya.

jirani_254

Naongezea tu kwa wenye hawana Word, LibreOffice Writer ni ya bure na kwa upande wa staili mimi naipenda zaidi. F11 inafungua paneli, bonyeza kulia chagua mpya, kichupo cha kwanza ndicho kina jina, staili inayofuata na ile inarithi kutoka gani. Ctrl+M inafuta maagizo ya mkono, lakini mchunge, inafuta na italiki ulizolaza ndani ya sentensi, hizo zipatie staili ya herufi kwanza. Kuziona alama zisizoonekana ni Ctrl+F10. Ukimaliza tunza kama docx (faili la Word) kama ndiyo mchapishaji anataka, majina ya staili zako yataenda na faili.

mtunzi_mpya

Jamani sina la kusema. Mashairi yote 14 yamekaa, na sura zinaonekana kushoto zote 22 nikabaki kuziangalia tu. Ila kuna jambo limenitisha, nilikwenda kwenye aya moja tu ya maandishi ya kaburini nikaiweka katikati, kurudi nyuma naona kitabu kizima kimekuwa katikati!! Nimefanya nini?

kalamu_nyekundu

Usiogope, bonyeza Ctrl+Z. Ulipotengeneza Aya uliweka tiki kwenye kisanduku cha kujisasisha yenyewe, kipo chini kwenye lile dirisha. Kikiwa na tiki, ukigusa aya moja kwa mkono programu inadhani umebadilisha staili nzima. Fungua Aya uitoe hiyo tiki, angalia na Ubeti na Barua pia. Halafu hayo maandishi ya kaburini yatengenezee staili yake hata kama yanatokea mara moja tu.

mtunzi_mpya

Kweli tiki ilikuwepo, kwenye Aya na kwenye Barua. Nimetoa zote. Staili mpya nimeiita Kaburi, inatokana na Msingi, iko katikati, na nimeiwekea nafasi kabla na baada. Kesho narudia kusoma sura ya nne mpaka ya saba maana ndiko kulikovurugika, halafu namtumia mhariri.