Shule yataka mtoto aonane na afisa wa ustawi wa jamii. Nitie sahihi?

KhaltiWaLikoni: Assalaam aleikum. Nalea mtoto wa dada yangu, yuko Gredi ya 8. Mamake yuko Saudia kikazi. Mtoto alikuwa wa kelele. Sasa akirudi ni kujifungia chumbani, mpira kaacha, chakula hagusi. Mwalimu mkuu kaniita, eti kuna dada wa ustawi wa jamii huja kila Jumatano, nitie sahihi azungumze naye. Nyanyake asema ametiwa jicho, asomewe. Mimi naogopa atakayosema yafike kwa walimu. Na wenzake si watamwita mwendawazimu?

Barobaro_Kisauni: Kubalehe tu huko. Mpe kazi dukani.

DadaWaJumatano: Khalti, hii ndiyo kazi yangu, ingawa si shule hiyo. Kabla ya sahihi muulize huyo dada wa shuleni anaandika nini na faili yakaa wapi. Anayeijua kazi hatakasirika.

Kwangu siri hubaki kwangu, isipokuwa mtoto akisema ataka kujidhuru, au kuna anayemdhuru. Hilo namwambia mapema, kabla hajafungua mdomo. Mwalimu wa darasa nitamwambia "akisinzia usimtoe nje". Sababu simpi.

Walimu wa ushauri nasaha wapo, lakini wana vipindi vyao, na aliyekuadhibu asubuhi utamfungulia moyo mchana? Mimi hata siulizi "una shida gani". Twacheza bao kwanza. Kisha naja nyumbani, maana mengi yako huko. Saudia na Mombasa saa ni moja, lakini mama anayeshika simu usiku wa manane akimaliza kazi humkuta mwanawe kalala, na mtoto huhesabu kwamba kasahauliwa.

Wenzake wasikutishe. Kwangu huingia wa bursari, wa sodo, wa kiatu kilichochanika. Nani ajue huyu kafuata lipi?

Kisomo asomewe, sina ugomvi nacho. Ila asipolala kabisa, au akisema bora asingekuwepo, usingoje Jumatano. Hospitali ya Port Reitz kuna kitengo cha afya ya akili, na 116 ni simu ya watoto, ya bure, usiku na mchana. Watu bado humficha aliyejaribu kujiua wakiogopa polisi, ilhali Mahakama Kuu ya Kenya ilishabatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu Januari 2025. Kujaribu kujiua si kosa tena.

Ustadh_Mtongwe: Kumsomea kuna adabu zake. Anayemsomea akikuambia mtoto afungiwe au apigwe ili jini litoke, huyo mkimbie.

KhaltiWaLikoni: Shukran. Lakini mamake hupiga mapema tu, simu iko kwangu. Mtoto mwenyewe hataki kuongea naye.

DadaWaJumatano: Basi huenda amemkasirikia kwa kuondoka na aona haya kusema. Msimshikishe simu mbele ya watu. Mwache arekodi sauti akiwa peke yake, hata kama ni ya kulalamika. Na fomu, muulize yeye kwanza. Akikataa wiki hii, fomu haiozi.