Naomba ushauri: dada amemnyang'anya mpwa wangu riwaya ya Rosa Mistika

Assalamu aleikum ndugu zangu. Naishi Kisauni, na kitabu kikipigwa marufuku mimi ndipo hukitafuta. Nilianza na mashairi ya Abdilatif Abdalla, Mmombasa mwenzetu, aliyefungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa ajili ya waraka wake wa kuikosoa serikali, "Kenya: Twendapi?". Diwani yake, Sauti ya Dhiki, aliiandika kwa siri gerezani, kwenye karatasi za chooni. Nikiyasoma hadi leo mwili wanisisimka.

Sasa shida yangu. Mpwa wangu wa kidato cha tatu aliniomba Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, riwaya ya 1971 iliyokatazwa shuleni Tanzania, kisha baadaye ikaruhusiwa. Nikampa. Dada akaifungua katikati, akasoma ukurasa mmoja, akaitia kabatini na kufunga kwa ufunguo. "Kaka, uchafu huu wampa mwanangu?" Tangu siku hiyo salamu zake ni za mkato.

Kwangu mimi riwaya ile yawasema wazazi kuliko mabinti. Zakaria, babake Rosa, ampiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, na ukali wote ule haumwokoi. Lakini Rosa ajiua mwishoni, na hapo hofu ya dada naielewa.

Walimu na wazazi, nimwombe dada aisome yote kwanza, au tuisome sote watatu? Na yale ya kujiua, msichana wa miaka 16 mwamwelezaje? Kumpa kisirisiri sitaki, mama ni yeye.