Kwaya yenye krediti, klabu ya wanafunzi, au kozi inayofundishwa na wanafunzi: kipi kinamfaa anayekwenda kusoma Marekani?

Besi_wa_Pangani

Wakuu, salaam. Nimepata nafasi ya kusoma uhandisi wa mazingira kwenye chuo kimoja cha umma Marekani, naondoka Agosti. Nimeimba besi tangu kidato cha kwanza na ngoma napiga. Nikipekua orodha ya kozi zao nimekuta jambo ambalo huku sijalizoea: kwaya ni kozi. Ina namba yake, ina krediti 1, inaingia kwenye transkripti (hati ya matokeo) sambamba na hesabu na kemia. Bendi ya gwaride nayo hivyo hivyo, na kikundi cha ngoma za Afrika Magharibi.

Pembeni ipo klabu ya wanafunzi wa Kiafrika, wanacheza kwelikweli, lakini hawapati krediti hata robo. Halafu nasikia kuna vyuo ambako wanafunzi wanafundishana wenyewe na chuo kinawapa yuniti, yaani krediti.

Waliopita huko nisaidieni kulinganisha. Muda, ada, GPA (wastani wa alama), na kama krediti hizo zina maana yoyote kwa mtu wa uhandisi. Mzee wangu akisikia nimelipiwa nauli ya ndege kwenda kucheza ngoma, nitarudi kwa miguu.

---

SautiYaTatu

Hongera mdogo wangu. Anza na hesabu ya krediti yenyewe, maana yetu na yao hazifanani. Kwa TCU, tume yetu ya vyuo vikuu, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, digrii ya miaka mitatu inaanzia 360. Marekani, kwenye vyuo vya mihula miwili, digrii ni krediti 120 hivi, na krediti 1 ya darasa la kawaida ni saa 1 darasani na saa 2 za kujisomea kila wiki, kwa wiki 15 hivi. Vyuo vya robo mwaka, kama UCLA ya Los Angeles, wanahesabu yuniti 180, kwa hiyo usilinganishe namba kabla hujajua chuo chako kina kalenda gani.

Kwenye vikundi vya muziki hesabu hiyo inapinda. Kwaya kubwa inakutana mara mbili au tatu kwa wiki, jumla saa tatu au nne, unapewa krediti 1. Bendi ya gwaride ndiyo inayokula watu: kambi ya mazoezi kabla madarasa hayajafunguliwa, mazoezi siku nyingi za wiki, na Jumamosi ya mpira wao inaondoka yote. Malipo ni krediti 1 au 2. Ukigawa saa kwa krediti utacheka. Anayekwenda kule anafuata bendi, krediti ni ya kumpoza mshauri wa masomo.

Sasa swali la maana kwa mhandisi: krediti hiyo inakaa sehemu gani ya digrii? Ratiba ya uhandisi imebanwa, nafasi za kozi za hiari ni chache. Lakini karibu kila chuo kinamtaka mwanafunzi achukue krediti kadhaa za sanaa na fasihi, mara nyingi 3. Vyuo vingine vinakubali mihula mitatu ya kwaya ijumlishwe ikamilishe sharti hilo. Vingine vinakataa kabisa: kuimba hakuhesabiki, wanataka kozi ya historia ya muziki. Na vingi vina kikomo cha krediti za vikundi zinazoingia kwenye digrii hata ukiimba miaka yote minne. Muulize mshauri wa masomo kwa barua pepe, jibu lake ulihifadhi.

---

MamaK_Minnesota

SautiYaTatu kasema vizuri, mimi niongeze mambo ya mfukoni na ya viza, kwa sababu hayo ndiyo yanayowaliza watoto wetu huku.

Mwanangu, mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, wa digrii ya kwanza anatakiwa awe na krediti 12 kila muhula. Hapo kwaya inaweza kukuokoa: kama kozi moja imekushinda na ukiiacha unabaki na 11, ile krediti 1 ndiyo inakushikilia. Ila ushushe kozi baada tu ya kuongea na ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Ukishuka chini ya 12 bila idhini yao umevunja masharti ya viza, na hakuna atakayesikiliza habari za alto na besi.

Ada: vyuo vingi vina bei moja kuanzia krediti 12 mpaka kama 18. Ukiwa na 16 za uhandisi, kwaya inaingia bila senti ya ziada. Ukivuka dari unalipia kila krediti, na kwa mgeni anayelipa ada ya nje ya jimbo, krediti moja inaweza kuzidi kodi yako ya mwezi. Sasa sikiliza hii, wengi hawaijui: vikundi vingi vinakuruhusu kujiandikisha kwa krediti 0. Jina la kwaya linaonekana kwenye transkripti, unahudhuria kama wenzako, dari halivukwi. Kwa mhandisi mwenye muhula mzito, hiyo naiona bora kuliko zote ulizoorodhesha.

Gharama ndogo ndogo nazo zipo. Suti nyeusi au gauni la kwaya, ada ya bendi, safari. Uliza kabla.

GPA: vikundi vingi vinatoa herufi, na herufi hiyo inategemea zaidi mahudhurio. Usikose mazoezi, usikose onyesho, utapata A. Ukikosa onyesho moja bila udhuru unaweza kushushwa herufi nzima, na ukienda kumwambia mwalimu ulikuwa na mtihani wa kemia atakujibu kwamba tarehe ya onyesho ilikuwa kwenye silabasi tangu siku ya kwanza. Na atakuwa na haki.

La mwisho, klabu. Klabu za Kiafrika zinaalikwa sana kwenye harusi na sherehe za jumuiya, na kuna bahasha. Mwenye F-1 asipokee malipo ya kazi ya nje ya chuo bila idhini. Cheza, kula pilau, bahasha ikataeni au iende kwenye akaunti ya klabu kwa utaratibu wa chuo.

---

Kimathi_Tenor

Mama, hiyo ya krediti sifuri sikuwa nimeisikia. Asante.

Mimi niko Nairobi, nilisomea ualimu. Huku kwetu ukiwa mwanafunzi wa muziki, kuimba kwenye kikundi ni sehemu ya masomo na unasahihishwa. Ukiwa wa ualimu wa hisabati uko kwenye kwaya hiyo hiyo, umesimama mstari ule ule, mnaenda pamoja kwenye tamasha la muziki, lile lililoanza 1927, mnarudi na kombe, yeye ana alama na wewe una picha. Sijalalamika, picha ni nzuri. Lakini ukipewa nafasi ya kuandikiwa jasho lako kwenye transkripti, andikiwa.

---

Mdundiko_Halisi

Nitasema lisilopendwa. Mimi nimepita TaSUBa, taasisi ya sanaa Bagamoyo, ngoma ndiyo kazi yangu, na sioni krediti 1 inamfundisha nini mtu. Wiki 15, saa tatu kwa wiki, mwisho onyesho, makofi, A kwa kila mtu. Ngoma ina shughuli yake: mdundiko unatembea barabarani na mwali, watu wanauunga njiani. Ukiuweka kwenye chumba chenye vioo, saa 11 jioni mpaka 12 na nusu, halafu mtu anapewa A kwa kuhudhuria, umebaki na mazoezi ya viungo.

Ningekuwa wewe ningekwenda klabu. Kule mtabishana kuhusu hatua, atatokea wa Kampala aseme bakisimba haichezwi hivyo, atatokea wa Bujumbura na ngoma zake. Hapo ndipo utajifunza, na hakuna wa kukupa alama.

---

SautiYaTatu

Mkuu, kuhusu mdundiko nakubaliana nawe. Kuhusu vyuo hapana. Vikundi hivi havikuanza kama burudani ya kujazia ratiba. Mantle Hood alipojenga idara ya muziki wa dunia pale UCLA, hoja yake ilikuwa kwamba mtu hawezi kuandika kuhusu gamelani, okestra ya magongo ya Java, kama mikono yake haijawahi kuipiga. Ndiyo maana vikundi vikawa kozi. Pale Wesleyan, Connecticut, Mghana Abraham Adzenyah alifundisha ngoma na dansi za kwao kwa zaidi ya miaka 40 mpaka alipostaafu 2016. Mwalimu akikaa muda huo mahali pamoja, huwezi kusema watoto walikuwa wanafanya mazoezi ya viungo tu.

Krediti ndiyo iliyomlipa mwalimu huyo mshahara. Klabu haina bajeti ya kumwajiri mpiga ngoma kutoka Accra au Bagamoyo. Wewe mwenyewe ungepata kazi huko kwa sababu kikundi ni kozi.

---

Mdundiko_Halisi

Hapo umenibana. Naomba anwani ya hao wanaoajiri 😂

Lakini silegezi: angalia nani anafundisha. Kama ni mtu aliyekulia kwenye ngoma hiyo, jiandikishe hata kwa krediti sifuri. Kama ni mtu aliyejifunza kwenye video, nenda klabu.

---

UdiNaNai

Assalaam alaykum. Kaka wa Pangani, mimi ni wa Unguja, sasa niko Uingereza, nitakupa picha ya upande huu upate kulinganisha. Huku mwaka mmoja ni krediti 120 na krediti 1 ni saa 10, kama TCU. Ukiwa mwanafunzi wa muziki, kupiga chombo ni moduli yenye krediti zake. Ukiwa mhandisi, kwaya na okestra ni vyama chini ya umoja wa wanafunzi: unalipa kiingilio kidogo cha mwaka, unaimba, basi. Hakuna krediti wala hakuna anayezidai. Bara la Ulaya wana krediti zao, ECTS, 60 kwa mwaka, kila moja saa 25 mpaka 30, na vipo vyuo vinavyotoa chache kwa kwaya ya chuo. Jambo la mhandisi kuimba na kuhesabiwa, hilo Wamarekani ndio wamelizoea zaidi.

Nami nimeanzia udi Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi. Kwa taarabu nakwambia, ukikuta chuo chako kina kikundi cha muziki wa Kiarabu, usikipite. Vyuo vikubwa kadhaa Marekani vinavyo. Maqamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, utayatambua kwa masikio kabla hujajua majina yake.

---

yuniti_mbili

Naona hakuna aliyejibu kuhusu kozi za wanafunzi. Mfano unaojulikana ni DeCal pale chuo cha Berkeley, California. Mwanafunzi anaandika silabasi, profesa anaidhamini, idara inaipitisha, halafu mwanafunzi mwenyewe anafundisha. Kwa kawaida ni yuniti 1 au 2, na matokeo ni kufaulu au kutofaulu, bila herufi, kwa hiyo GPA haiguswi. Dansi zimo nyingi.

Ubora unategemea nani anafundisha muhula huo. Moja niliyohudhuria ilikuwa moto, nyingine tulikuwa tunakaa tu tunasikiliza spika ya mtu. Lakini fikiria upande wa pili: baada ya mwaka mmoja unaweza kuifundisha wewe. Msewe, sindimba, chochote unachokijua vizuri. Hiyo kwenye wasifu wa kazi inaonekana kuliko krediti 1 ya kwaya.

---

Besi_wa_Pangani

Nashukuru sana wakuu, na shikamoo Mama K. Nimeandika barua pepe kwa mshauri wa masomo. Naelekea kwaya, krediti 1 muhula wa kwanza kwa sababu nina 15 tu, klabu nitaenda wikiendi. Kinachonitisha ni usaili. Wanasema nitapewa karatasi ya nota nisome papo hapo. Mimi nimelelewa na sol-fa, zile d r m za kuandikwa kwa chaki ubaoni. Nota za mistari mitano naziona kama sisimizi.

---

Mwalimu_wa_Kwaya_Moro

Usiogope, umeshabeba nusu ya mzigo. Walimu wengi wa kwaya Marekani wanafundisha kusoma kwa do-re-mi ya kuhama, yaani do inafuata ufunguo wa wimbo, na ndiyo sol-fa yako hiyo hiyo. Kilichobaki ni kuipata do kwenye mistari.

Tazama mwanzo wa mstari. Kama kuna shapu (♯), ile ya mwisho upande wa kulia ndiyo t. Panda hatua moja, umefika d. Shapu mbili, F na C: C ndiyo t, kwa hiyo d iko D. Kama kuna flati (♭), ile ya mwisho kulia ndiyo f, hesabu kushuka f, m, r, d. Bila shapu wala flati, d ni C. Kwa kuwa wewe ni besi, soma kwenye ufunguo wa besi peke yake, usihangaike na wa juu kwa sasa: vile vitone viwili vya alama yake vinaukumbatia mstari wa F.

Mapigo ndiyo yatakusumbua zaidi. Kwenye sol-fa umezoea nukta pacha kutenga pigo na kistari kuonyesha sauti inaendelea. Huku urefu uko kwenye umbo la nota yenyewe. Chukua wimbo unaoujua kwa moyo, wa kitabu cha nyimbo chochote, tafuta nakala yake ya nota, uisome ukigonga meza kwa kidole. Ukishaweza mmoja bila kusimama, chukua ambao huujui. Siku ya usaili ukikosea usirudi nyuma, endelea na pigo. Anayesikiliza anataka kujua kama utapotea kabisa au utarudi mstarini.

---

MamaK_Minnesota

Marahaba mwanangu. Na angalia tarehe ya mwisho ya kuongeza kozi, mara nyingi ni wiki ya kwanza au ya pili. Matokeo ya usaili yakichelewa, mwombe mwalimu wa kwaya namba ya ruhusa mapema, maana mfumo ukishafunga ni fomu na saini za watu ambao hawako ofisini.