Maiki ndefu au jozi ya pande zote kwa makala za sauti?

sikio_wazi
Wakuu, salaam. Natengeneza makala za sauti peke yangu: nahoji, narekodi, nahariri. Rekoda ninayo, ina matundu mawili ya XLR, yaani ya kuchomekea maiki. Sasa natafuta maiki, na uwezo ni wa seti moja tu: ama maiki moja ndefu inayolenga mbele, ama jozi ya maiki ndogo zinazonasa pande zote. Kazi zangu ni mahojiano pamoja na sauti za mazingira, yaani ndege, mvua, mashine. Mngechukua ipi?

fundi_mawimbi
Ndefu, mkuu. Makala inasimama kwa maneno ya watu. Msikilizaji akikosa neno, anazima. Penye kelele inakupunguzia ya pembeni. Ila isogeze hadi sentimita 30 hivi kutoka mdomoni. Wengi wanadhani inavuta sauti ya mbali kama darubini. Haivuti chochote.

nyuki_wa_sauti
Nje nakubali, chumbani napinga. Bomba la maiki ndefu linazuia sauti nyembamba za pembeni kuliko nzito, kwa hiyo mwangwi wa ukutani unaingia umeharibika, na mhojiwa anasikika vibaya hata ukihariri usiku kucha. Mimi nahoji watu majumbani, jozi ndiyo inanifaa. Haiongezi besi ukiikaribisha mdomoni, na inavumilia upepo na mtikisiko wa mkono vizuri zaidi. Kwenye mvua au msitu, ziweke sentimita 17 hadi 20 kati yake na kitu kigumu katikati, halafu sikiliza kwa hedifoni: unajua kila tone limeanguka upande gani.

sikio_wazi
Na kando ya barabara yenye magari?

nyuki_wa_sauti
Tumia moja ya ile jozi, isogeze hadi sentimita 10 au 15 kutoka mdomoni. Kila ukipunguza umbali kwa nusu, sauti ya mtu inapanda kama desibeli 6 huku kelele ikibaki ilivyo. Ukaribu una nguvu kuliko aina ya maiki.

fundi_mawimbi
Kwa hesabu sikupingi. Lakini kuna wahojiwa ambao maiki ikifika usoni wanaanza kuongea kama wanasoma taarifa. Ile ndefu unaishika chini usawa wa kifua, unailenga mdomoni, na mnaendelea kutazamana. Mtu akisahau maiki ndipo anasema jambo lenyewe. Kwangu hilo ni kubwa kuliko desibeli.

mzee_kinasa
Vijana wangu, yoyote mtakayochukua, nunueni na kizuia upepo cha manyoya. Sponji peke yake haitoshi nje. Msitegemee pia rekoda za biti 32 za floti: zinaokoa mliposahau kurekebisha kiwango cha sauti, lakini maiki yenyewe ikizidiwa na upepo, hakuna cha kuokoa. Na kila mahojiano yakiisha, rekodini dakika nzima ya mahali pale bila mtu kusema. Bila hiyo mtaziba vipi mikato wakati wa kuhariri?

sikio_wazi
Ahsanteni sana. Wahojiwa wangu wengi wako ndani, kwenye vyumba vidogo, kwa hiyo naelekea kwenye jozi pamoja na manyoya. Zile volti 48 za umeme ambazo rekoda inazipelekea maiki, kwa maiki mbili hazitamaliza betri zake?

nyuki_wa_sauti
Zinakula kweli. Beba pawabenki kama rekoda inakubali USB, na uzime volti 48 kila mnapopumzika kwa muda mrefu.