Somo wa jumuiya: lazima awe shahidi?

MamaJumuiya_Igoma: Tumsifu Yesu Kristo. Jumuiya yetu ndogo ya Kikristo imegawanywa, tunatafuta somo mpya, yaani mtakatifu msimamizi. Wazee wanataka shahidi, yaani aliyeuawa kwa ajili ya imani, vijana wanamtaka Mtakatifu Bakhita, wengine Anuarite, mtawa wa Kongo. Hawa wanafanana nini, na tuchague kwa kigezo gani?

katekista_mstaafu: Milele amina. Kila kundi la watakatifu lina kipimo chake. Kwa shahidi huulizwa: aliuawa kwa chuki ya imani? Alikipokea kifo kwa hiari? Ikithibitika, anatangazwa Mwenye Heri bila muujiza, kisha hudaiwa mmoja ili awe Mtakatifu. Bakhita aliuzwa utumwani Sudan akiwa mtoto, akafa kwa ugonjwa Italia 1947. Yeye alichunguzwa fadhila za maisha yake yote, na muujiza ulidaiwa katika kila hatua. Wazee wasimwone wa daraja la pili.

Bukumbi83: Hata mashahidi hawalingani. Kati ya wale mashahidi Wakatoliki 22 wa Uganda, Kizito alikuwa na miaka 14 hivi, Mulumba mtu mzima mwenye familia, Kaggwa mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, mfalme wa Buganda. Wala hawakuchomwa wote Namugongo 3 Juni 1886, kama wengi wanavyohubiri: Balikuddembe aliuawa 15 Novemba 1885, Muzeyi Januari 1887.

Kinachowaunganisha kilianza kabla ya moto. Mwishoni mwa 1882 mapadre waliondoka Buganda wakaja huku kusini mwa Ziwa Victoria, wakafungua misioni Bukumbi, wakarudi kule 1885. Katikati hapo walei, waumini wasio mapadre wala watawa, ndio waliofundisha na kusalisha. Kwa jumuiya, kazieni hapo. Mkisimulia kuni na mapanga tu, watoto wataondoka na hofu.

mlei_Kirumba: Anuarite ni Mwenye Heri tangu 1985, kwa hiyo msiseme "Mtakatifu Anuarite" kwenye sala. Heshima ya Wenye Heri ina mipaka ya mahali. Muulizeni paroko kabla hamjachapisha vitenge. Tena sikukuu yake, 1 Desemba, ikiwa Jumapili, kama 2024, Jumapili ya Majilio inatangulia. Na Mwalimu Nyerere msimpigie kura: ni Mtumishi wa Mungu, hatua ya mwanzo kabla ya Mwenye Heri, ibada ya hadhara kwake hairuhusiwi.

MamaJumuiya_Igoma: Je, Kizito peke yake, bila wenzake?

katekista_mstaafu: Ruksa, sikukuu inabaki 3 Juni. Ila tazameni kwanza orodha ya parokia. Jumuiya mbili zikiwa na somo mmoja, michango na matangazo vitachanganywa kila Jumapili.