Kampuni za ulinzi, acheni kutuvalisha tai za zipu getini! Mlinzi akivutwa shingo nani analipa?

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kampuni ninayofanyia kazi hapa Dar, jina siweki maana nina familia inayokula kwa mshahara huo huo, ilikusanya tai zetu za klipu na kutugawia tai za zipu. Mtu asiyejua atasema hawa walinzi wanagombania urembo. Huu si urembo, ni shingo za watu, na leo lazima niyaseme yote.

Nianze na wale ambao hawajawahi kuvaa sare yenye tai, ili tuelewane.

Tai ya klipu haina kitanzi. Fundo limeshashonwa huko huko kiwandani, na nyuma yake kuna kibanio cha chuma au plastiki unachokibana juu ya kifungo cha kwanza cha shati, pale kola zinapokutana. Shingoni hakuna kinachozunguka. Jambazi akiivuta inachomoka, anabaki nayo mkononi, na wewe unabaki na pumzi yako na kirungu chako. Basi.

Tai ya zipu ni kitu kingine kabisa. Fundo nalo lipo tayari, mara nyingi ndani yake mna plastiki ngumu ya kulipa umbo. Lakini kutoka kwenye lile fundo zinapanda pande mbili za zipu, zinapita chini ya kola na kuungana nyuma ya shingo. Unaingiza kichwa, unashika mkia, ule wembamba wa nyuma, kwa mkono mmoja, unasukuma fundo juu kwa mkono wa pili, meno yanashikana na kitanzi kinabana. Ukivuta fundo chini kinalegea. Fundo likizuiwa halafu mtu akavuta mkia, kinazidi kubana. Na hata kikilegea bado kiko shingoni, hakiachii. Sasa niambieni, kwenye purukushani saa nane za usiku, nani anamchagulia mwizi sehemu ya kushika?

Nani aliyesema mlinzi avae kitu cha namna hiyo? Polisi wa Uingereza wanaovaa tai wanapewa za klipu kwa sababu hii hii, mhalifu asipate pa kumkabia askari. Shule nyingi za huko nazo ziliacha tai za kufunga zikahamia za klipu kwa kuhofia watoto kukabana. Hii si siri ya jeshi. Kila mtu aliyewahi kukaa kwenye biashara ya ulinzi anaijua, na hao mabosi wetu wengine ni wastaafu wa majeshi, wanaijua kuliko sisi.

Sasa niwaeleze kilichotokea lindoni kwetu.

Tunalinda ghala. Gari likitoka lazima lifunguliwe turubai, mzigo uhesabiwe, namba ya lakiri ilinganishwe na karatasi. Siku hiyo dereva mmoja hakutaka kukaguliwa, anasema amechelewa na bosi wake ameshaongea na ofisi. Mwenzangu, kijana mtaratibu ambaye sijawahi kumsikia akitukana mtu, akapanda kidato cha mlango kumwomba karatasi. Dereva akatoa mkono dirishani, akakamata tai, yote kwa pamoja, ya mbele na mkia wake, akaizungusha mara moja kwenye ngumi. Halafu akatia gia.

Gari lilisogea. Kijana miguu imetoka kwenye kidato, kidevu kimekaa kwenye ukingo wa dirisha, mikono yote miwili iko shingoni anahangaika na lile fundo. Fundo halishuki kwa sababu ngumi ya dereva imelikandamiza. Mimi nilikuwa upande wa kizuizi. Nilipiga kelele, nikapiga bodi kwa kirungu, mwenzetu wa tatu akasimama mbele ya gari na mikono juu. Dereva akakanyaga breki, akaachia. Kijana akaanguka chini kama gunia.

Shingoni alikuwa na mstari mwekundu kuanzia chini ya sikio moja hadi jingine, na ndani ya ule mstari unaona kabisa vidoti vya meno ya zipu, vimepangana. Sauti ilimkauka, kumeza mate ilikuwa shida. Ingekuwa tai ya klipu, dereva angeondoka na kitambaa mkononi na sisi tungeandika namba ya gari tukapeleka polisi. Yangeishia hapo.

Supavaiza alifika na gari la doria. Swali lake la kwanza, na tulikuwa watu watatu tumesimama pale tunasikia: "Tai iko wapi?" Tai ilikuwa imechanika kwenye mshono wa zipu. Akaichukua, akaiweka kwenye mfuko wa plastiki, akasema kijana aandike maelezo ya kwa nini ameharibu sare.

Mwisho wa mwezi kwenye salari slipu kuna mstari mpya: SARE. Wamemkata.

Wakuu, hapo ndipo nilipochoka. Mtu amekabwa akiwa kazini, analinda mali ya mteja, halafu analipishwa kamba aliyokabwa nayo! Hata pole hakupewa. Hospitali alikwenda kwa hela yake. Fomu za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hakuna aliyezitaja, wakati mfuko upo kwa ajali za namna hii na waajiri wanauchangia. Alipouliza, mtu wa utumishi akamwambia, "Wewe si umepona?"

Sheria nayo haijanyamaza. Someni kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mwajiri akitaka kumkata mfanyakazi kwa sababu ya hasara, hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Amweleze kwa maandishi sababu ya deni, kiasi chake na hesabu ilivyopatikana. Ampe nafasi ya kulipinga. Deni lisizidi hasara halisi, na makato yote yasizidi robo ya mshahara. Kijana wetu alikosa nini? Kuwa na shingo? Karatasi ya hesabu hajapewa, nafasi ya kupinga hajapewa. Amekatwa tu kama wanavyotukata buti, kofia na filimbi.

Kuna wadau najua watakuja na hoja za mabosi, kwa hiyo nizimalize mapema.

Hoja ya kwanza ni kwamba mteja anataka walinzi wapendeze. Sawa. Nakubali fundo la zipu linakaa vizuri, halipindi, na hulazimiki kujua kufunga tai. Bwana harusi avae. Mwanakwaya avae. Karani wa kaunta avae, hakuna anayemkaba. Lakini mteja aliyelipa kulindiwa mali anataka kwanza mlinzi aliye hai na anayeweza kupumua. Nenda kamuulize mteja yeyote kama alishawahi kusema anataka tai yenye kitanzi. Hakusema. Alisema anataka watu nadhifu, na klipu nzuri ikibanwa sawasawa, mtu wa kawaida hawezi kuitofautisha.

Hoja ya pili, eti walinzi wanapoteza klipu. Tai za klipu tulizokuwa nazo kibanio chake kilikuwa cha plastiki laini, kikipigwa jua la getini wiki chache kinakatika sikio. Nunueni zenye kibanio cha chuma. Mnanunua za bei ya chini kabisa halafu mnalaumu mvaaji.

Na hizi za zipu zenyewe ni takataka. Zipu nzuri ya tai huwa na kijino kidogo ndani ya kile kichwa chake, ukiachia kinazama kwenye meno na fundo linabaki pale pale ulipoliweka. Hizi tulizogawiwa hazina. Unapiga saluti, fundo limeshuka vidole viwili, kifungo cha juu kiko wazi. Unapandisha, linashuka. Supavaiza anapita anakuandika kwa uchafu wa sare, faini nyingine. Joto la Dar mnalijua, saa saba mchana jasho linatiririka kwenye kola, meno ya zipu yanasugua shingo mpaka inakuwa na vipele. Kuna mzee tunaye zamu ya mchana, kola za mashati yake zote zimetoboka nyuma kwa ajili ya hizo zipu. Mashati nayo tunakatwa.

Tena tulijaribu kuwasaidia. Mmoja wetu mke wake ni fundi cherehani. Alikata utepe pale nyuma ya shingo, akashona vipande viwili vya velkro, ile ya kubandua kama ya viatu vya watoto. Ukivaa hakuna anayeiona maana iko chini ya kola. Tukajaribu kuvutana wenyewe, inaachia mara moja, tai inabaki mkononi. Kazi ya dakika chache na gharama haifiki hata nauli ya daladala kwenda na kurudi. Tukapeleka kwenye paredi kwa heshima zote, "Afande, tumeona hivi, tunaomba ruhusa tushone zote kwa hela yetu."

Jibu: ni kuharibu mali ya kampuni, na aliyeshona akapewa barua ya onyo.

Angalieni kamba za vitambulisho vyetu. Hizo hizo walizotupa wao. Nyuma ya shingo zina kikufuli cha plastiki kinachoachia ukivuta kwa nguvu. Aliyetengeneza kamba ya kitambulisho aliifikiria shingo ya mtu. Kwa hiyo mlinzi wa kwetu ana kamba mbili shingoni, moja inamwachia na nyingine inamnyonga, zote kazikabidhiwa siku moja, stoo moja, kwa sahihi moja. Nani ataniambia ofisi haijui?

Na si sisi wa maghala tu. Wapo wenzetu kwenye viwanda, wanapita karibu na mikanda ya mashine inayozunguka na hiyo tai inaning'inia kifuani. Mkanda ukishika ncha ya tai ya zipu haumuulizi mtu amepanda cheo gani. Wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, wakija viwandani wanaangalia helmeti na buti za wafanyakazi. Naomba wamwangalie na mlinzi wa getini, naye ni mfanyakazi, sheria ya usalama mahali pa kazi ya 2003 haikusema yeye ni pambo la mlango.

Ninachotaka ni hiki, na nakisema wazi ili hata bosi akisoma aelewe. Tai za zipu ziondolewe malindoni kesho asubuhi, zirudi za klipu zenye kibanio cha chuma, au turuhusiwe kushona velkro, au tufanye kazi bila tai kama kampuni nyingine zinavyofanya na hakuna mteja aliyekimbia. Kijana arudishiwe hela yake yote. Barua ya onyo ifutwe. Ajali iripotiwe kwa Mfuko wa Fidia inavyotakiwa.

Tumeshaambiwa atakayeleta tena habari za tai aandike barua ya kuacha kazi. Ndiyo maana nimekuja huku.

Naomba wenye uelewa wanisaidie mambo haya. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, mgogoro usiohusu kuachishwa kazi unatakiwa ufunguliwe ndani ya siku 60, na kwa kijana wetu zinaendelea kukatika. Je, siku zinaanza kuhesabiwa tarehe ya tukio au tarehe ya salari slipu yenye makato? Salari slipu na picha za shingo tulizopiga kwa simu zinatosha, au lazima ile tai iliyochanika ambayo supavaiza aliondoka nayo? Na kuhusu Mfuko wa Fidia, mfanyakazi anaweza kwenda mwenyewe kutoa taarifa kama mwajiri amegoma, au watamrudisha kwa mwajiri?

Walinzi wa kampuni nyingine, wekeni hapa mnavaa tai gani na mnakatwaje. Msitaje jina la kampuni kama mnaogopa, semeni tu ni klipu, zipu au lastiki. Nikipata majibu ya kutosha nayachapisha na kuyapeleka mwenyewe OSHA.