Tupeane uzoefu: kiongozi wa dini aliyekuonya ukabaki unampenda

MamaTumaini: Bwana Yesu asifiwe. Jana tumemzika mchungaji wetu mstaafu na tangu nirudi sijapata usingizi. Mwaka 2009 nilikuwa mhazini wa kwaya. Fedha za sare, shilingi 180,000, nikazitumia mtoto alipolazwa. Sikumwambia mtu. Jumatatu jioni baba mchungaji akaja, peke yake, kwa miguu. Alinikuta uani nachambua mchele. Akavuta kigoda, akauinamia ungo, tukachambua wote. Tulipokaribia kumaliza ndipo akasema, "Mwanangu, sare zimefikia wapi?" Nikalia. Hakunihubiria. Tukakubaliana nirudishe elfu ishirini kila mwezi, na Alhamisi nimwambie mwenyekiti wa kwaya kwa mdomo wangu, yeye akiwa amekaa pembeni yangu. Uhazini nikauacha, hapo hakulegeza. Miezi tisa nikamaliza deni. Nani mwingine ameonywa hivyo?

Kihesa87: Pole kwa msiba, mama. Wa namna hiyo wamebaki wachache.

BintiWaMlimani: Mwenzenu kwangu ilikuwa kinyume. 1998, nina miaka 19, nikapata mimba. Hakuna aliyekuja nyumbani. Ilikuwa Jumapili ya mavuno, mnajua zinavyojaa. Wakati wa matangazo, baada ya habari za mnada, nikasikia jina langu, yote matatu: ametengwa na meza ya Bwana kwa kuvunja amri ya sita, usizini. Mama yangu alikuwa amepakata kapu la mayai ya sadaka. Aliliweka chini polepole, yai lisigongane na jingine, akatoka. Kijana mwenyewe alikuwa mwanakwaya, na waliimba mara tu baada ya tangazo. Jina lake halikusomwa.

Mtoto alipozaliwa, ili abatizwe, nikasimama mbele ya usharika kutubu. Nilisimama. Hakuna aliyeniuliza tunakula nini. Baada ya hapo miaka kumi na moja sikukanyaga kanisani. Aliyenirudisha ni mwinjilisti mmoja mama mtu mzima. Alikuja mara tano bila kutaja kanisa, akinikuta nafua anasuuza. Mara ya sita akaniambia, "Hasira yako na usharika naielewa. Lakini unampiga huyu mtoto kwa ajili ya hasira hiyo. Uache." Ilinichoma, maana ilikuwa kweli. Na kwa mara zile tano alikuwa na haki ya kuisema.

Mkulima_wa_Njombe: Na yule kijana je?

Kihesa87: Sote tunasubiri hapo. Yule kijana je?

NenoKwanza: Pole dada, ila kanisa lina utaratibu. Paulo alimwambia Timotheo awakemee mbele ya wote ili na wengine waogope. Tukionea haya dhambi, kundi linaoza.

MwalimuMstaafu: Ndugu, rudi mstari mmoja nyuma. 1 Timotheo 5:19 inamzungumzia mzee aliyeshtakiwa, tena kwa mashahidi wawili au watatu. Mstari wa 20 unaendelea na haohao wazee. Binti wa miaka 19 anaingiaje? Yeye alistahili Mathayo 18, kuendewa peke yake kwanza.

NenoKwanza: Mathayo 18 hiyohiyo inaishia kuliambia kanisa.

MwalimuMstaafu: Inaishia. Haianzii.

AbuSalma: Assalaam aleykum. Kwetu kuna kisa cha bedui aliyekojoa msikitini. Maswahaba wakamjia juu, Mtume (s.a.w.) akawaambia wamwache, kisha pakamwagwa ndoo ya maji. Ustadh wangu wa madrasa hapa Tanga alinikuta navuta sigara nyuma ya birika la udhu. Hakumwambia baba. Alinipa kazi ya kuadhini alfajiri mwezi mzima, na kifua changu kikanisema chenyewe. Sijavuta tena.

MtaaMpya: Nami nisaidieni. Ni mwinjilisti, nina miaka 28. Mzee wa kanisa hapa ana 64, anakuja ibadani akinuka pombe. Jumapili iliyopita aliangusha kapu la sadaka ngazini, watoto wakaokota sarafu. Namwambiaje mtu wa umri wa baba yangu?

Mkulima_wa_Njombe: Mpitie mkewe kwanza.

MamaTumaini: Usimpitie mkewe! Utakuwa umemtangaza kabla hujamwona.

AbuSalma: Chukua sukari kilo moja. Anayekuja mikono mitupu ni polisi.

KatekistaMzee: Usiandike barua. Mimi niliandika 2014, nikijiona nina hekima. Mtu yule alizunguka nayo kijiji kizima akiwaonyesha watu nilivyomdharau, na sikuwahi kumpata tena. Mpaka leo naijutia ile karatasi.

NenoKwanza: Mpeleke kwa mkuu wa jimbo, yaishe.

MwalimuMstaafu: Huyu sasa ndiye mzee wa mstari wa 19, na bado nasema mwende kwanza. Sura hiyohiyo inaanza na kumwonya mzee kama baba. Shikamoo kwanza, na kiti chako kiwe cha chini kuliko chake.

BintiWaMlimani: Mnaouliza: yule kijana alioa usharika wa jirani, kengele zikapigwa. Hakuna aliyewahi kumwita amuulize. Wakati mwingine namwonea huruma kuliko nilivyojihurumia, maana hajapata mtu wa kuja mara sita.

MamaTumaini: Wewe mwinjilisti, nenda asubuhi, kabla hajaonja kitu. Ukimkuta na kazi mkononi, shika upande wa pili.

MtaaMpya: Anafuga ng'ombe wawili. Alfajiri huwa anakata majani bondeni. Nimeazima mundu.